Amana ya Pumzi

Mwaka 2021 sahibu yangu mmoja alisafiri kwenda ng'ambo kwa masomo ya miaka minne, akaniachia amana tatu: kasha la vitabu, funguo za nyumba ya marehemu mama yake, na tangi la kioo lenye samaki ishirini na wawili. Vitabu havikunitaabisha, kwa kuwa adui yao ni mchwa, na mchwa hufanya kazi polepole hata mtu mvivu huwahi kumtambua. Funguo nilizitundika ukutani. Samaki ndio walionifundisha uzito wa neno amana, nami nakiri mapema kuwa somo lenyewe sikulipata kwa njia ya heshima.

Tangi lilikuwa la lita 250, nikaliweka sebuleni kwetu Kinondoni, baina ya kabati la vitabu na dirisha. Samaki wake asili yao ni Ziwa Tanganyika, katika pwani ya miamba iliyo kusini ya Kigoma. Wataalamu huwaita Tropheus duboisi, jina walilopewa na Georges Marlier mwaka 1959. Utotoni huwa weusi wenye madoa meupe, mithili ya usiku wa nyota. Wakikua madoa hutoweka, kichwa hugeuka buluu, na mshipi mmoja mweupe au wa manjano huzunguka kiwiliwili. Jike hutaga mayai machache makubwa, kisha huyaatamia kinywani mwake kwa muda wa mwezi hivi, na katika mwezi huo hula kidogo sana. Mke wangu alipoona jambo hilo mara ya kwanza alikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu asiseme neno. Baadaye alisema, "Huyu ni mama kweli kweli," na tangu siku ile samaki hawakuwa tena wageni nyumbani.

Siku ya kukabidhiana, sahibu yangu alinipa maneno machache. "Ndugu yangu," aliniambia, "usiwalishe sana, na usiwanyime hewa. Njaa wataistahimili juma zima. Kukosa hewa hawatakustahimili usiku mmoja."

"Ondoa shaka," nikamjibu. "Nyumba hii ina inveta."

Jibu hilo limenirudia masikioni mara nyingi.

Msomaji ambaye hajapata kufuga samaki yamkini atauliza, kama nilivyouliza mimi: kwani samaki hana maji? Na katika maji hamna hewa? Jawabu lake limo katika ziwa walikotoka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani hakuna ziwa lililolipita kwa kina ila Baikal. Lakini sehemu kubwa ya kina hicho ni maji yasiyo na oksijeni hata chembe. Samaki wote wa ziwa lile, na aina zake ni mamia, huishi katika mita mia moja au mia mbili za juu; chini ya hapo ni jangwa lililolowa. Hata hayo maji ya juu hayana uhai kwa nafsi yao. Upepo wa kusini-mashariki, uvumao tangu Mei hadi Septemba, huyasukuma na kuyapindua. Mawimbi huyapiga juu ya miamba, na uso wa maji unapovunjika hewa hupata mlango wa kuingilia. Samaki wa sahibu yangu walikuwa wenyeji wa maji hayo ya juu. Kazi yao ni kukwangua ukoga juu ya mawe. Upepo ndio pampu ya ziwa.

Katika tangi hapana upepo. Maji ya sebuleni kwetu huwa na joto la nyuzi 27 au 28, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi: ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi katika lita moja, ya nyuzi 30 hayafiki miligramu 8. Siku moja nilikaa na kalamu nikazidisha miligramu hizo kwa lita 250, nikapata gramu 2. Ukiweka chumvi ya uzito huo katika kijiko cha chai, haitafika nusu yake. Hiyo ndiyo akiba nzima ya samaki ishirini na wawili. Na hawakuwa wao peke yao katika kuila. Ndani ya kichujio walikuwamo bakteria wasiohesabika, ambao hugeuza amonia itokayo katika uchafu wa samaki ikawa nitriti, na nitriti ikawa nitrati isiyo na madhara makubwa. Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga viumbe hao peke yao mara ya kwanza, mnamo mwaka 1890, alipokuwa Zürich. Nao huvuta oksijeni kama sisi. Pampu inayolia usiku kucha, ambayo wageni wangu wengine waliniomba niizime ili wapate usingizi, huyapindua maji ili gramu zile mbili zikiliwa zipate kurudishwa. Viputo vinavyopendeza macho huchangia kidogo tu. Kazi yao kubwa ni kuyainua maji ya chini na kuuvunja uso wa juu.

Sasa niseme juu ya umeme. Mtu wa umri wangu ameishi Dar es Salaam katika vipindi vya kiza ambavyo havisahauliki. Mwaka 2006 ukame ulilipunguza Bwawa la Mtera hata mitambo ikakosa maji. Mwaka 2011 yakarudi yale yale. Lugha yetu ina adabu ya ajabu: ukosefu huo iliuita mgao, kana kwamba kilichokuwa kikigawiwa watu ni kitu, si kiza. Tangu mwaka 2024, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ilipoanza kufua umeme, nchi imepata mtambo ambao uwezo wake kamili ni megawati 2,115, na habari za ukame wa mabwawa hazina tena nguvu ya zamani. Lakini wingi wa maji bwawani haulizuii tawi la mwembe kuuangukia waya, wala haiamuru radi ipite mbali na transfoma. Kwa ajili hiyo nyumba nyingi mjini zina namna yake ya akiba. Sisi tulinunua inveta na betri kubwa moja ya volti 12 na ampea-saa 100, tukaziweka chini ya ngazi, nikajihisi kuwa mtu aliyejikinga.

Usiku ninaousimulia ulikuwa wa Aprili, mwaka 2023, wakati wa masika. Saa moja jioni kishindo kilisikika mtaani, taa zikazimika nyumba hata nyumba, na mvua ikaendelea kunyesha. Inveta yetu ilibisha mara mbili, kisha taa zetu zikawaka. Katika mtaa mzima palikuwa na madirisha matatu tu yenye nuru, nalo letu lilikuwa moja. Usiku huo kulikuwa na mchezo wa mpira wa huko Ulaya, wa saa nne, uliokuwa ukizungumzwa kwa majuma mawili. Saa tatu mlango ulibishwa. Alikuwa jirani yetu wa upande wa pili pamoja na wanawe wawili. Nyuma yake alifuata mwingine, na mwingine. "Mwalimu, hodi. Tumeona kwenu kuna taa."

Ningefanya nini? Nililelewa katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa kwa mtu aliyebisha, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikawakaribisha. Mikeka ilitandikwa, chai ikachemshwa kwa mkaa, feni ikafunguliwa kwa sababu watu kumi na wanne katika chumba kimoja hujitengenezea kiangazi chao wenyewe. Nilipopita mbele ya tangi nilitazama viputo vikipanda, nikatulia. Wazo la kwamba televisheni, feni na samaki walikuwa wakinywa katika mtungi mmoja lilinipitia kichwani, sikatai. Lilipita kama mtu apitavyo njiani nawe ukamwitikia salamu bila kumtazama. Na nikisema kweli yote, nilikuwa nimefurahi kuwa mwenye nyumba yenye taa.

Mchezo ulikwisha karibu na saa sita. Wageni walishukuru, wakaondoka na viatu mikononi kwa sababu ya maji barabarani. Nikazima televisheni, nikaiacha feni kwa ajili ya watoto, nikalala. Usingizini nilisikia mlio wa inveta, ule mlio mwembamba wa kuomba, nikadhani ni ya jirani. Kisha mlio ukakoma, nami nikalala vizuri zaidi.

Aliyeniamsha ni binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili. "Baba," alisema kwa sauti ndogo, "samaki wamelala ubavu."

Tisa walikuwa wamekufa. Waliobaki wote walikuwa juu, midomo yao ikigusa uso wa maji, wakipanua mashavu kwa haraka. Maana ngozi ile nyembamba ya juu, inayopakana na hewa, huwa ya mwisho kuishiwa na oksijeni, na samaki hulijua jambo hilo bila kufundishwa. Katika kona ya dirisha, jike mmoja aliyekuwa akiatamia alikuwa amekufa kinywa wazi. Tulidhani kwamba na watoto wake wamepotea pamoja naye. Binti yangu alileta tochi ya simu, akaielekeza kona ile, tukawaona: sita, weusi, na madoa yao meupe, wamejipanga chini kidogo ya uso wa maji kama herufi za mstari mmoja. Mama yao alikuwa amewatema. Sijui kama mnyama hufanya hivyo kwa kukata shauri au kwa kushindwa tu. Mke wangu ana hakika yake juu ya jambo hilo, na sikuona sababu ya kubishana naye.

Umeme haukuwapo, na betri ilikuwa mfu. Mke wangu ndiye aliyeleta kata na jagi. "Tuyapige maji," alisema. Akachota lita moja, akainua mkono, akaimimina kutoka juu hata maji yakavunjika na kutoa povu, akachota tena. Tukapeana zamu, dakika kumi kila mtu. Kufikia saa mbili samaki watatu walikuwa wameshuka chini. Kufikia saa tatu uso wa tangi ulikuwa mtupu, wote wameshuka, na sisi hatukuweza kuinua mabega. Tuliendelea hivyo hivyo mpaka karibu saa saba mchana, maana kila tulipopumzika nusu saa waliuanza tena mwendo wa kupanda.

Katika zamu yake binti yangu aliniuliza, "Baba, mikono yetu ina wati ngapi?" Nilimjibu baadaye, kwa kalamu. Lita moja ya maji ikiinuliwa nusu mita hutaka juli 5 hivi. Ukiinua moja kila sekunde tatu, kazi yenyewe haifiki wati mbili. Alicheka, akadhani nimekosea. Kwa wati zisizofika mbili, samaki kumi na watatu na watoto sita walivuta pumzi tangu alfajiri hadi adhuhuri. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifungua macho, kuliko kifo chenyewe.

Lakini kabla ya kufungua macho nilitenda kosa la pili. Umeme uliporudi nilikimbia kwa furaha, nikawasha kila kitu kwa pamoja, na kichujio kikubwa kilicho chini ya tangi kikiwamo. Chombo hicho ni ndoo iliyofunikwa, na maji yaliyokuwamo yalikuwa yamesimama humo kwa muda wa saa kumi na mbili. Bakteria wake walikuwa wamekula oksijeni yote, wengi wao wamekufa, na uozo umeshika nafasi. Swichi ilipowashwa, maji yale yalitapikwa ndani ya tangi, yananuka kama tope la mkoko. Maji ya Ziwa Tanganyika, na ya tangi linaloyaiga, yana asili ya magadi, kipimo chake cha pH hukaribia 9. Na katika maji ya namna hiyo amonia ni kali maradufu kuliko katika maji ya kawaida. Samaki wanne waliovuka usiku na asubuhi yote walikufa jioni ile, mbele ya umeme uliorudi. Yafaa kichujio kilichosimama kwa saa kadhaa kifunguliwe, maji yake yamwagwe, sponji zake zisuzwe kwa maji ya tangi, ndipo kiwashwe. Jambo hilo limeandikwa katika kila kitabu cha ufugaji. Mimi nilikuwa na kasha zima la vitabu vya sahibu yangu, na viwili katika hivyo vilikuwa vya samaki.

Usiku huo nilimwandikia. Niliandika mara tatu. Katika barua ya kwanza transfoma ndiyo iliyoua. Katika ya pili, mvua na betri. Mke wangu alizisoma zote mbili, akaniuliza kwa upole, "Na wageni je?" Katika ya tatu niliandika kwamba niliwaka taa ya watu kwa pumzi ya samaki wake, na kwamba kumi na watatu wamekufa, tisa wapo, na watoto sita. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Pole kwa wote. Dume mwenye kovu la pezi yupo?" Hakuwapo.

Sikumtafuta fundi siku hizo. Nilitafuta kwanza kujua nilichokitenda. Pampu ndogo ya hewa ya tangi letu hula wati 4. Televisheni hula 70. Kwa hiyo saa tatu za televisheni zilikula kiasi ambacho kingeitosha pampu ile kwa saa zaidi ya hamsini. Hilo pekee lingenitosha kwa fedheha. Lakini nilipoazima kipimo na kupima zaidi, niligundua kwamba inveta yenyewe, bila ya kuwasha kitu chochote, hula wati 12 kwa kukaa macho tu. Mlinzi alikuwa akila mara tatu ya aliyelindwa. Hata kama mlango ningeufunga usiku ule, na wageni ningewaacha mvuani, nisingekuwa na haki ya kulala. Na betri, iliyoandikwa ampea-saa 100 ubavuni, ilikuwa ya miaka mitatu, imekaa chini ya ngazi katika joto, wala hapana aliyeipima tangu siku iliponunuliwa. Uwezo wake haukufika nusu ya maandishi yake. Betri za risasi na asidi, ambazo Mfaransa Gaston Planté alizibuni mwaka 1859, hazipendi joto wala kukaushwa. Nyuzi kumi zaidi ya joto hupunguza umri wao kwa nusu hivi, na ikiachwa tupu kwa siku nyingi salfati huganda juu ya bamba zake kama chokaa katika birika.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa redio, mwenye kibanda karibu na soko. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza. Alinisikiliza huku akikaza skrubu ya kitu kingine.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza, "inveta yako ni lori. Wewe ulikuwa na bilauri moja ya maji ya kupeleka nyumba ya pili. Kwa nini uwashe lori?"

"Nifanyeje, mzee?"

"Ipeleke kwa mkono."

Alikuwa na maana hii. Betri hutoa volti 12 za mkondo mnyoofu. Inveta huzigeuza kuwa volti 230 za mkondo geu, na katika kugeuza hupoteza. Kisha pampu ya kawaida hutumia mkondo huo kutikisa sumaku na kipande cha mpira mara hamsini katika sekunde. Ziko pampu za hewa zinazokwenda kwa volti 12 moja kwa moja, zitumiwazo na wavuvi na wasafirishaji wa samaki hai, ambazo hazihitaji safari yote hiyo. Alinipatia moja ya wati 3, na betri iliyofungwa, ya ampea-saa 7, ndogo kama tofali la nusu. Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84. Ukitumia nusu tu, ili usiidhulumu betri, unapata saa kumi na nne za viputo. Betri za lithiamu huvumilia kukamuliwa zaidi na hudumu sana, lakini mfuko wangu ulikuwa na maoni yake. Fundi aliongeza chaja ndogo inayoishikilia betri katika volti 13.6 daima, na swichi inayojigeuza: maadamu umeme wa ukutani upo sumaku huishikilia upande mmoja, umeme ukikatika sumaku huiachilia, nayo hurukia upande wa betri bila ya kungoja mtu aamke.

Nilimwomba aweke na tundu moja la kuchajia simu. Aliweka chini bisibisi. "Ukitaka tundu," akasema, "nenda kaendelee na lori lako." Hakuweka.

Nyumbani nilitia katika tangi vichujio viwili vya sponji vinavyoendeshwa kwa hewa, ili mpira ule ule unaopeleka viputo uwapatie bakteria nao riziki yao. Hivyo kikatika kichujio kikubwa, hawafi wote. Katika majaribio ya kwanza nilifanya kichekesho ambacho sahibu yangu pia alikisoma. Pampu niliiweka sakafuni. Nilipoizima kwa jaribio nikaenda kula, maji yalirudi nyuma ndani ya mpira, yakashuka kwa uzito wake mwenyewe, yakapita katika pampu, yakatiririka taratibu mpaka kwenye kasha la vitabu. Amana moja ikailowesha nyingine. Dawa yake ni vali ndogo isiyokubali maji kurudi, ya bei ya kikombe cha chai, au kuiweka pampu juu kuliko uso wa maji. Mimi nilifanya yote mawili.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya chai ya asubuhi, binti yangu huuchomoa waya ukutani na kuandika saa katika daftari. Huandika volti mwanzoni, na tena kila baada ya saa mbili. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha 12.7, na akiona 12.1 huurudisha waya. Mwaka wa kwanza ilichukua saa kumi na tatu. Mwaka wa pili kumi na moja. Ilipofika nane, tulinunua nyingine kabla haijatuomba. Daftari hilo lina kurasa ambazo si za volti pia: tarehe ambazo watoto sita walipoteza madoa yao, na siku ambayo mmoja wao, sasa jike, alionekana amefumba kinywa na kukataa chakula.

Inveta bado ipo chini ya ngazi. Mpira ukichezwa na mtaa ukiwa na kiza, jirani zetu bado huja, mikeka hutandikwa. Betri kubwa ikifa, hufa. Tunawasha kandili na mazungumzo huendelea, na aghalabu huwa bora.

Sahibu yangu alirejea mwaka jana, mwezi wa Agosti. Alikuja kwetu jioni, amenenepa kidogo, na mvi ambazo hakuondoka nazo. Tulikumbatiana. Vitabu alivitazama, akacheka alipoiona ile kona iliyokunjamana. Funguo akazitia mfukoni. Kisha akasimama mbele ya tangi, akahesabu kwa midomo bila sauti, kama nilivyojua kuwa atafanya, na nikamwacha ahesabu. Walikuwa kumi na wanane, pamoja na wale waliozaliwa baadaye.

Sikuwa na la kuongeza, maana yote alikwisha kuyasoma. Alipomaliza aliinama, akaufuata waya kwa macho tangu betri hadi swichi, na tangu swichi hadi ukutani.

"Nichomoe?" aliuliza.

"Chomoa," nikasema.

Akachomoa. Sauti ya pampu kubwa ikakatika. Swichi ikagonga mara moja. Halafu sauti nyingine, nyembamba zaidi, ikaanza. Binti yangu akaandika saa katika daftari. Tukavuta viti, mke wangu akaleta kahawa, tukakaa.